Hisani Isiyouliza

Ukimwuliza mkazi yeyote wa miji yetu ya pwani kama anawachukia watu wenye ulemavu, atakutazama kwa mshangao na yamkini atakereka, kwa kuwa amelelewa tangu utotoni akiambiwa kwamba kumcheka kiwete ni kumcheka Muumba wake, kwamba kipofu hupishwa njia, na kwamba nyumba isiyopigwa hodi na mwenye kuomba siku ya Ijumaa ni nyumba iliyopungukiwa baraka. Na katika kukujibu hatakuwa mwongo. Yaliyotendwa na wauaji wa ndugu zetu wenye ualbino katika mikoa ya ziwa, katika miaka ambayo kuitaja bado kunatia simanzi, tuliyalaani misikitini na makanisani, na kila mtu akashukuru kwamba yeye hayumo katika kundi lile. Lakini ukatili wa namna hiyo, kwa vile ni wa dhahiri na wa kutisha, humwachia kila mmoja wetu kipimo chepesi mno cha kujipimia wema: asiyeua huonekana amekwisha kutimiza wajibu wake. Mimi nataka kuwaandika hao wema, ambao ndio wengi, na ambao mtu mwenye ulemavu hukutana nao tangu anapofungua mlango wake asubuhi hadi anapoufunga usiku.

Ninaye sahibu yangu, mtu mzima aliyestaafu, aliyepoteza uoni utotoni kwa surua, maradhi yaliyopofua watoto wengi wa zama zake kabla chanjo haijaenea. Alifanya kazi ya uopereta wa simu, kazi ambayo siku hizo, pamoja na ualimu, ilikuwa karibu ndiyo mlango pekee wa ofisi uliofunguliwa kwa wasioona. Asubuhi moja tuliingia pamoja katika duka la dawa huko Ngamiani, mjini Tanga, yeye akihitaji vidonge vyake vya shinikizo la damu. Akataja jina la dawa na miligramu zake, polepole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na wasiomwona. Binti wa dukani, mwenye adabu na tabasamu ambalo mteja wake hakuweza kulifaidi, akanigeukia mimi.

"Shikamoo, baba. Mzee anatumia mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja, asubuhi," akajibu sahibu yangu.

"Na leo ameshakula?" akaniuliza mimi.

Nikanyamaza kusudi, na ukimya ukarefuka mpaka ukawa na haya ndani yake.

"Nimekula, mwanangu," akasema mwenyewe. "Mihogo ya nazi na chai ya tangawizi."

Bei nikatajiwa mimi. Sahibu yangu akatoa pochi yake. Noti zake huzikunja kila moja kwa mkunjo wake: ya elfu kumi mara mbili, ya elfu tano mara moja, ya elfu mbili huiacha imenyooka. Akachomoa zile alizozitaka bila kupapasa, akaziweka juu ya kioo cha kaunta, na chenji yake ikatiwa mkononi mwangu. Tulipotoka, chini ya mwarobaini ulio mbele ya duka, bibi mmoja aliyejitanda leso alimshika mkono, akamtia sarafu ya shilingi mia mbili katika kiganja, akamwombea dua ndefu ya subira na pepo, naye akaitikia amina hadi mwisho. Bibi alipokwenda zake nikamwuliza kwa nini hakuirudisha ile sarafu.

"Zamani nilikuwa nikirudisha," akasema. "Nikaambiwa kipofu yule ana kiburi. Sasa napokea, na jioni namfikishia mwenye haja nayo. Kukataa kuna kazi kubwa kuliko kupokea, bwana."

Nasimulia kisa hiki kwa sababu hakina mkosaji. Binti alikuwa na adabu, bibi alikuwa na imani, hapana aliyetamka neno la karaha, na lau ungewafikisha wote wawili mbele ya kadhi usingepata la kuwashitakia. Hata hivyo, tangu tulipoingia mpaka tulipotoka, mtu mwenye maradhi yake, fedha zake na kumbukumbu yake mwenyewe alifanywa mzigo wangu. Akasemewa, akahurumiwa, akaombewa, akapewa, na katika hayo yote hakuulizwa hata jambo moja. Huruma tunayo ya kujaza majahazi. Walakini ni huruma iliyojihesabia kwamba imekwisha kujua analolihitaji mwenzake, na humo ndimo yanamotoka madhila mengi ya kila siku ambayo hakuna anayeyaita madhila. Kumwuliza mtu ni kukiri kwamba lipo ambalo yeye analijua na wewe hulijui. Tunampa sarafu, tunampa dua, tunampa kiti, swali hatumpi.

Kiziwi yamfika vivyo hivyo, kwa njia nyingine: akija na mkalimani wa lugha ya alama, macho yote humfuata mkalimani, kana kwamba maneno ni yake, na mwanamke kiziwi aendaye kliniki ya wajawazito aghalabu hulazimika kufuatana na ndugu yake au mwanawe mwenyewe, ili siri za mwili wake zipite katika masikio ya mtoto kabla hazijamfikia mwuguzi.

Taha Hussein, mwanachuoni wa Misri aliyezaliwa mwaka 1889 na kupofuka akiwa mdogo baada ya kinyozi wa kijijini kumtibu macho, amesimulia katika Al-Ayyam, kitabu cha maisha yake, jambo lililompata mezani kwao, nami sijapata kusoma popote maelezo ya huruma isiyouliza yaliyo mafupi na makali kuliko hayo. Mtoto yule, aliyekuwa mdadisi kwa tabia, alipitiwa usiku mmoja na fikira ya kujua ingekuwaje lau angechukua tonge kwa mikono miwili badala ya mmoja kama ilivyo desturi, naye akafanya. Ndugu zake wakaangua kicheko. Mama yake akalia. Baba yake, kwa sauti ya upole na huzuni, akamwambia kwamba tonge halichukuliwi namna ile. Tangu usiku huo mtoto akajiharimishia mchuzi, na wali, na kila chakula kiliwacho kwa kijiko, kwa kuchelea kicheko cha ndugu, kilio cha mama na ile sauti ya baba. Na katazo hilo aliloliweka yeye mwenyewe juu ya nafsi yake halikuondoka hata alipotimia miaka 25. Ndiye huyo aliyekuja kuwa Waziri wa Elimu wa nchi yake mwaka 1950 na kupigania elimu isiyo na ada.

Mimi nimewazingatia mno watu wale wa mezani. Ndugu walikuwa wakali kama watoto walivyo, mama alikuwa na mahaba, baba alikuwa na hekima na staha. Na bado kicheko, machozi na upole vilikwenda kukutana mahali pamoja, vikamfunga mtoto mmoja kinywa. Jaribio lake lilikuwa jaribio la akili inayochunguza dunia, ambalo kwa mtoto mwingine lingeitwa utundu na kusahauliwa kabla sahani hazijaondolewa. Kwake yeye likasomwa kuwa ni upofu. Hapakuwa na aliyemwuliza, "Mwanangu, ulikuwa ukitaka kufanya nini?", na nadhani jibu lake lingewafurahisha.

Huku kwetu hatuna haja ya kwenda Misri kulitazama jambo hilo. Katika walima, watu wanapokaa wanne wanne kulizunguka sinia la pilau, mwenyeji mwenye murua akimwona mgeni asiyeona huharakia kumnusuru: humwandalia sahani yake peke yake, na kijiko juu yake, na kiti karibu na ukuta panapofika feni, ili asitaabike. Masinia huvuma mazungumzo, bei ya nazi, mahari ya bi arusi, nani amegombana na nani. Naye hula pamoja na ukuta. Ajabu yake ni kwamba hapana chombo duniani kinachomfaa asiyeona kuliko sinia, kwa kuwa adabu yake ya kwanza, ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua, ni kwamba mtu ale kilicho mbele yake wala mkono wake usitangetange. Sahani na kijiko ndivyo vyenye kumtia mashakani. Wali hukimbia kijiko, na kidole kinachoruhusiwa katika sinia huonekana aibu katika sahani.

Ipo methali tuipendayo sana katika mlango huu: hujafa hujaumbika. Siibezi, kwani imewazuia wengi kucheka, na kumzuia mtu kucheka si kazi ndogo. Lakini hebu tuitazame inavyotumika. Mtoto amekodoa macho kumtazama mtu aliye juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, akiisukuma kwa mikono, mama amvuta mkono na kumwonya, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika ili na yule mtu ajue kwamba mtoto huyu anafunzwa adabu: "Usicheke, hujafa hujaumbika." Mtu yule alikuwa akienda kununua mkaa. Sasa, bila kuombwa ruhusa, amefanywa mfano wa balaa ambalo mtoto aliogope, na staha anayopewa ni staha ya bima, mtu hulipa leo kwa kuchelea kesho. Na lau kungepatikana njia ya kumhakikishia mlipaji kwamba yeye hatapatwa kamwe, sijui deni lile lingelipwa na nani. Dada yake methali hii ni ile alhamdulillahi itokayo kinywani bila kujizuia, mbele ya mwenyewe, mtu anapoonekana anatambaa. Maulamaa waliliwaza hilo kabla yetu. Dua ya kumshukuru Mungu kwa kukuepusha na alilomtahini kwalo mwingine imepokewa, lakini Imamu Nawawi na wenziwe wametahadharisha kwamba isomwe kimoyomoyo, asiisikie aliyepatwa, moyo wake usije ukaumia. Hukumu hiyo ina umri wa miaka 700 na zaidi, na sisi bado twaisoma kwa sauti.

Na kama ni kurejea katika dini, sura ya 80 ya Kurani, Abasa, imeteremshwa kwa ajili ya mtu asiyeona. Abdallah bin Ummi Maktumu alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakati Mtume alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi kwa kutaraji kwamba watasilimu. Mtume akakunja uso akageuka, na Mola wake akamlaumu kwa hilo. Wahubiri wetu hukisimulia kisa hiki kwa wingi, na takriban kila mara nilipokisikia kilimalizikia katika kuwahimiza watu watoe sadaka. Hapo ndipo ninaposhangaa. Mtu yule hakuja kuomba pishi ya tende. Alikuja kutaka kufunzwa. Alikuwa mwanafunzi mwenye swali, na aya hazikutetea tumbo lake, zilitetea haki yake ya kuhudumiwa mbele ya mabwana wakubwa ambao hawakuwa na hamu ya kusikia. Baadaye alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume pamoja na Bilali, na Mtume alipotoka Madina kwa safari alimwacha yeye, zaidi ya mara moja, kuwa naibu wake mjini. Khutuba yenye kukisimulia kisa hivyo ingedai tujiulize ni msikiti gani wetu una imamu asiyeona, na ni halmashauri gani ina mjumbe wake, jambo ambalo ni gumu kulijibu kuliko kutoa shilingi mia mbili.

Upande wa pili wa huruma ni sifa, nao nitaupitia kwa haraka maana magazeti yanautosheleza. Henry Wanyoike wa Kenya, aliyepoteza uoni mwaka 1995, alikimbia mita 5000 katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000. Mwongozaji wake akaishiwa nguvu, ikawa Wanyoike ndiye anayemkokota mwenye macho hadi mwisho wa mbio, na dhahabu akaitwaa. Mtu huyo anastahili kila sifa aliyopewa, kwani alishinda. Lakini sahibu yangu husifiwa kwa kununua mkate. Husifiwa kwa kuvaa shati lililopigwa pasi, kwa kupanda daladala, kwa kuwa na mke. Tumewawekea watu hawa vyeo viwili tu, ombaomba na shujaa, na yule aliye katikati, mvivu kiasi, mkali kiasi, mwenye madeni ya dukani na mapenzi ya mpira, hatuna mahali pa kumweka.

Sheria zipo. Zanzibar ilitunga yake mwaka 2006, Tanzania Bara mwaka 2010, na Katiba ya Kenya ya mwaka huo huo, katika ibara ya 54, imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu na hata ya kutoitwa kwa majina ya kumdhili. Sheria ya Bara yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba wasiopungua asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Asilimia 3 ya watu 20 haifiki mtu mmoja kamili, na sitashangaa nikisikia kwamba yuko mwajiri aliyejificha ndani ya kipande hicho cha mtu. Linalonisumbua zaidi ni hesabu ya awali. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilipata kwamba watu wenye ulemavu walikuwa asilimia 3.5 ya watu wote; ya mwaka 2019 ikapata asilimia 2.2, ilhali Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ulimwenguni ni mtu 1 katika kila 6. Waliopungua hawakupona, wala hawakuhama. Maswali ya sensa yalibadilishwa, na kipimo cha nani ahesabiwe kikawa kingine. Fauka ya hayo, karani wa sensa hukaa ukumbini akamwuliza mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya humjibia aliye chumba cha uani. Kwa hiyo hata dola, pamoja na karatasi zake zote, yamwuliza mtu wa pembeni kama alivyofanya yule binti wa duka la dawa.

Ngazi nayo ni neno lililosemwa bila kuuliza. Vituo vya mabasi ya mwendokasi vya Dar es Salaam, vilivyoanza kutumika mwaka 2016, vilijengwa sakafu yake ikilingana na sakafu ya basi, na mwenye magurudumu akaweza kuingia pasipo kubebwa. Na pamoja naye mchuuzi mwenye kapu la samaki, na mjamzito, na mzee mwenye baridi yabisi, ambao hawakuwa wameomba lolote. Kumbe iliwezekana. Katika daladala za kawaida konda akiona kigari hupiga bodi kwa kiganja, gari likaondoka, na asubuhi hiyo mtu akakosa kazi kwa sababu ambayo hapana daktari atakayeiandika.

Kuna msikiti mmoja wa mtaani ninaoufahamu wenye vidato vinne mbele ya mlango wake. Mtu mmoja wa mtaa ule, fundi wa redio na simu, atumiaye magurudumu, amezoea kuinuliwa na vijana wawili wanaomdaka bila kumwambia, mmoja mbele na mmoja nyuma, kigari kikalala mgongo na kanzu ikampanda magotini mbele ya jamaa wote, nao vijana huondoka wakijua kwamba wameandikiwa thawabu. Kamati ikaazimia kujenga njia ya mteremko, na ikachagua mlango wa nyuma unaopakana na vyoo, kwa sababu mlango wa mbele ni wa nakshi na ungepoteza haiba. Yeye hakuarifiwa, alizisikia habari kwa mteja wake. Basi jamaa walipokutana uwanjani baada ya alasiri kulizungumza jambo, akafika, akasalimu, akauliza mlango wa mbele una nini. Mweka hazina akazungumza juu ya nakshi. Akauliza kama nakshi ile ilichongwa itazamwe na wanaopita nyuma. Fundi mwashi akaletwa, akaeleza kwamba kila inchi moja ya kimo yadai inchi 12 za mteremko, na kwa kuwa kila kidato ni inchi 6, njia ingekuwa ya futi 24 na ingekula kipande cha baraza ya jirani. Jirani akasema baraza ile ni ya babu yake. Maneno yakawa mengi, magharibi ikakaribia, na ikaamuliwa kwamba shauri liahirishwe hadi baada ya Mfungo Mosi, na kwamba mwenye magurudumu atiwe katika kamati. Akashukuru, akakubali, kisha akawakumbusha kwamba kamati hukutana ghorofani, juu ya madrasa, na akauliza kikao kijacho kitafanyika wapi.